Kulevya na Kuuguza: Nafasi ya Jamii katika Uponyaji kwa Ushahidi wa Msamiati wa Ufipa na Pwani

1.0 Utangulizi

Mji wa Sumbawanga, ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, uko juu ya uwanda wa Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Wenyeji wengi wakiulizwa maana ya jina la mji wao hueleza kwamba limetokana na maneno mawili ya Kifipa: sumba, yaani 'tupa', na uwanga, yaani 'uchawi'. Kwa maelezo hayo, Sumbawanga ni amri inayomkabili kila aingiaye: tupa uchawi wako kabla hujaishi nasi.

Sehemu nyingine za Tanzania jina hilo limekuwa chanzo cha utani. Atokaye Sumbawanga huulizwa kwa kicheko kama amekuja na radi zake, na amri ya kuutupa uchawi imegeuzwa kuwa hati ya kuumiliki. Mwanaisimu anajua kwamba etimolojia za kimapokeo hazina budi kupokelewa kwa tahadhari. Hata hivyo, maelezo ya wenyeji yana thamani yake hata pale ambapo hayawezi kuthibitishwa fonimu kwa fonimu, kwa kuwa yanaonyesha jinsi jamii inavyojieleza. Katika maelezo haya usalama wa mtu mmoja unategemea kile ambacho wote wamekubali kukitupa. Kwa maneno mengine, afya ni jambo la makubaliano kabla ya kuwa jambo la mwili.

Mhadhara huu unachunguza wazo hilo kwa kutumia ushahidi wa lugha. Swali linaloongoza ni hili: mtu anapopitia hali isiyo ya kawaida ya fahamu, iwe ni njozi, kupandwa na pepo au kulewa dawa, kisha akatoka humo akiwa mzima zaidi kuliko alivyoingia, ni nini kilichomponya? Je, ni hali yenyewe, au ni watu waliomzunguka? Swali hili si geni katika Afrika Mashariki, lakini limepata uzito mpya tangu wataalamu wa tiba huko Ulaya na Marekani walipoanza upya kuzichunguza dawa zinazobadili fahamu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba msamiati wa uganga, kutoka Ufipa hadi Pwani, unampa jibu la pili nguvu zaidi. Aidha, msamiati huo unaonyesha kinachompata mgonjwa pale uhusiano unapoondolewa na dawa ikabaki peke yake.

2.0 Kauli mbili za kutendesha

Inafaa kuanza na sarufi. Kitenzi -lewa kikiwekwa katika kauli ya kutendesha hutoa -levya, yaani kumfanya mtu alewe. Kitenzi -ungua hutoa -unguza, yaani kusababisha kitu kiungue. Kwa kanuni hiyohiyo ya umbo, kitenzi -ugua hutoa -uguza. Mtu anayejifunza Kiswahili angetarajia kwamba kumuuguza mtu ni kumsababishia ugonjwa. Sivyo. Kumuuguza mtu ni kukaa naye katika ugonjwa wake: kumlisha, kumgeuza ubavu, kumkesha, kumpangusa jasho. Ndiyo maana anayefanya kazi hiyo hospitalini akaitwa muuguzi.

Wanaisimu wameonyesha kuwa katika lugha nyingi kauli ya kutendesha haibebi maana ya usababishi tu. Huweza pia kubeba maana ya usaidizi, yaani kumwezesha mtu kutenda, au kuambatana naye katika tendo analolipitia. Kunyonyesha na kulisha ni mifano ya karibu. Katika -uguza, Kiswahili kimeipa maana ya usaidizi nafasi yote. Maana ya usababishi imeachiwa maneno mengine. Hivyo tunazo kauli mbili zenye umbo la namna moja na maadili tofauti kabisa. Anayelevya huleta hali kwa mtu, na kazi yake yaweza kuishia hapo. Anayeuguza hakuileta hali ile, bali huvumilia kuwamo ndani yake pamoja na mgonjwa mpaka ipite.

Tofauti hii inafichwa na istilahi zinazotumika leo. Neno dawa, lenye asili ya Kiarabu, hutaja kitu kinachoponya, kinachodhuru, kinachovuta mapenzi na hata suluhisho la tatizo lolote. Si Kiswahili peke yake chenye utata huo. Katika Kibemba, jirani wa kusini wa lugha za Rukwa, ubwanga ni dawa au hirizi, nayo yaweza kuwa ya kheri au ya shari kutegemea mkono unaoishika. Kisheria, Tanzania hutumia istilahi dawa za kulevya, ambayo imo hata katika jina la Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iliyotokana na sheria ya mwaka 2015. Kwa madhumuni ya kudhibiti biashara haramu istilahi hiyo inatosha. Kwa madhumuni ya kueleza uponyaji haitoshi, kwa kuwa inataja kinachofanywa na kitu na kunyamazia kinachofanywa na watu.

Tatizo hilo linaonekana pia katika istilahi ya kigeni. Mwaka 1956, katika barua alizoandikiana na mwandishi Aldous Huxley, tabibu Humphry Osmond aliunda kwa mizizi ya Kigiriki neno ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliita saikedelia, akiwa na maana ya kitu kinachodhihirisha nafsi. Neno hilo lina heshima kuliko kulevya, lakini nalo linaweka kitu na nafsi moja uso kwa uso, kana kwamba hakuna mtu mwingine chumbani.

3.0 Ngoma na maneno yanayoizunguka

Msamiati wa uganga wa Kibantu umejaa watu. Neno ngoma, ambalo mzizi wake umesambaa katika eneo kubwa la lugha za Kibantu, hutaja chombo kinachopigwa, wimbo na mchezo unaoandamana nacho, mkusanyiko wa watu waliohudhuria, na pia tiba inayofanyika humo. John Janzen, katika kitabu chake Ngoma cha mwaka 1992, alilinganisha tiba za aina hii kwa kutumia utafiti alioufanya mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika miji ya Kinshasa, Dar es Salaam, Mbabane na Cape Town. Alihitimisha kuwa, pamoja na tofauti nyingi, kuna mfumo mmoja wa msingi: mtu huugua, ugonjwa wake hutambuliwa kuwa ni wito, huingizwa katika kundi la watu waliowahi kuugua vivyo hivyo, na hatimaye yeye mwenyewe huweza kuwa mponyaji wa wengine. Njia ya kutoka katika maradhi haimrudishi mtu pale alipokuwa. Humpeleka katika udugu mpya.

Maneno ya Pwani yanautaja mfumo huo hatua kwa hatua. Aliyepandwa na pepo huitwa kiti, kwa sababu pepo hukaa juu yake. Na kiti hakijiweki chenyewe, sharti pawe na watu wa kukiandaa. Mahali pa uganga ni kilinge, mahali palipotengwa kwa shughuli hiyo. Kumtibu ni kumpunga pepo, na kupunga ni kazi ya mikono ya wengine. Wimbo unaanzishwa na mmoja na kuitikiwa na wote. Bila waitikiaji hakuna ngoma. Mwishoni mgonjwa huzinduka. Kitenzi hiki kinastahili kuangaliwa kwa makini: kuzinduka si kuamka tu, bali ni kurudi miongoni mwa watu kutoka mahali ambako wao hawakuweza kukufuata. Anayezinduka hutazama kwanza nyuso zilizo karibu naye, na nyuso hizo ndizo zinazomweleza alikokuwa, pepo wake alisema nini, na anatakiwa kufanya nini tangu siku hiyo.

Kwa hiyo hali ya fahamu iliyobadilika, ambayo mtazamaji wa nje huiona kuwa ndiyo kiini, kumbe ni sehemu fupi tu ya safari ndefu. Kabla yake kuna maandalizi na mashauriano. Baada yake kuna tafsiri, masharti na kutembeleana. Ngoma ya usiku mmoja huweza kutanguliwa na miezi ya mazungumzo na kufuatwa na miaka ya wajibu.

4.0 Ufipa na majirani zake

Uwanda wa Ufipa unatoa ushahidi wa pekee kuhusu jambo hili. Kifipa, ambacho Guthrie alikipa namba M.13, ni ndugu wa karibu wa Kilungu na Kimambwe vinavyozungumzwa pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Zambia. Mwanaanthropolojia Roy Willis alifanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960 na kurudi tena katika eneo la Walungu miongo mitatu baadaye. Katika makala yake ya mwaka 1972 kuhusu tiba, alieleza kuwa waganga wa Ufipa humtazama mgonjwa kama mtu aliye katikati ya njia nyingi, zinazomuunganisha na jamaa, majirani, wahenga na nguvu za nchi anayoishi. Ugonjwa huja kwa kupitia njia hizo. Kazi ya mganga ni kuzichunguza njia, kujua ni ipi iliyoharibika, na kumrudishia mgonjwa uwezo wa kusimama katikati yake bila kuzidiwa.

Mtazamo huo haumwondolei mgonjwa nafsi yake. Unakataa tu kwamba nafsi inaishia kwenye ngozi. Kama njia ya kwa ndugu imezibwa na ugomvi wa shamba, dawa itakayomezwa na mgonjwa peke yake haitaifungua; sharti ndugu naye aje, aseme yaliyomo moyoni, na njia ipitike tena.

Katika kitabu alichokitoa mwaka 1999 kuhusu Walungu wa eneo la Mbala, kaskazini mwa Zambia, Willis alizungumzia tiba ya ngulu, ambao ni mizimu inayojulikana pia kwa Wamambwe na Wabemba. Jina la kitabu hicho kwa Kiswahili ni kusema kwamba baadhi ya mizimu huponya, mingine hucheza tu. Tofauti hiyo ni muhimu. Wapo wanaopandwa, wakacheza, wakafurahi, na mambo yakaishia hapo. Na wapo ambao kupandwa kwao kunazaa kazi ya kuwatibu wenzao. Hali ya fahamu yaweza kuwa ileile kwa mtazamaji. Kinachozitofautisha ni kile kinachoendelea baada ya ngoma kunyamaza. Willis anaeleza pia jinsi mpaka kati ya nafsi ya mtu na nafsi za wenzake unavyolegea wakati wa ngoma, na jinsi kulegea huko kunavyowezekana kwa sababu kila mmoja ana imani na waliomo.

Upande wa kaskazini-magharibi mwa Zambia, miongoni mwa Wandembu, Victor na Edith Turner walirekodi tiba ya Ihamba, ambamo jino la mwindaji aliyekufa husemekana kuwa limeingia mwilini mwa mgonjwa. Ngoma hupigwa, kisha husimamishwa. Katika ukimya huo mganga humtaka mgonjwa aseme kinyongo chake, na huwataka jamaa nao waseme vyao. Ngoma huanza tena, husimamishwa tena, mpaka maneno yote yatoke. Inaaminika kuwa jino halitoki iwapo kuna neno lililozuiliwa. Kwa mwanafunzi wa lugha hili ni jambo la kuzingatiwa: ngoma hapa inafanya kazi ya kuandaa mahali ambapo maneno magumu yaweza kusemwa bila kuvunja kikao.

5.0 Safari ya neno mteja

Hadi hapa msamiati umeonyesha mgonjwa akiwa ndani ya mtandao wa watu. Neno mteja linaonyesha jinsi anavyoweza kutolewa humo.

Leo mteja ni mnunuzi. Ni mtu wa dukani, wa benki, wa wakili na wa kampuni ya simu. Watumiaji wote wa simu za mkononi wamewahi kusikia sauti ikiwaambia kwamba mteja wanayempigia hapatikani. Lakini katika lugha ya waganga wa Pwani, kama Janzen alivyoiona Dar es Salaam, mteja ni mtu aliyeingia katika tiba ya ngoma: mgonjwa na mwanagenzi kwa wakati mmoja, aliye chini ya uangalizi wa mganga na wa wenzake waliomtangulia. Mteja wa namna hiyo hana budi kupatikana. Hakununua kitu akaondoka. Amekabidhiwa kwa watu, na watu wamekabidhiwa kwake.

Maana hizo mbili zina kitu kimoja zinachoshiriki, yaani kumwendea mtu mwenye kitu unachokihitaji. Tofauti yake ni muda na wajibu. Uhusiano wa mnunuzi huisha fedha inapobadilishana mikono. Uhusiano wa mgonjwa wa ngoma ndipo unapoanza.

Kuna hatua ya tatu. Katika Kiswahili cha mitaani cha miongo ya karibuni, mtu aliyetawaliwa na heroini huitwa teja, na wingi wake ni mateja. Yaelekea neno hili limetokana na mteja, kwa maana ya mnunuzi wa kila siku asiyeweza kuacha kununua. Mabadiliko ya umbo lake yanaeleza mengi. Kiambishi m- cha ngeli ya watu kimedondoshwa, na wingi umehamia katika ma-, umbo ambalo Kiswahili hulitumia pia kukuza na kudunisha, kama katika matoto na majitu. Kitu kama hicho kimelipata neno dawa: wanaosahihisha lugha hukumbusha kila mara kwamba wingi wake sanifu ni dawa, lakini mtaani zinazolevya ni madawa. Mateja na madawa yamekutana katika umbo moja, mtu na kitu kinachomla.

Hata hivyo sarufi haijamtupa kabisa. Upatanisho wa kisarufi ungali ule wa viumbe wenye uhai: husemwa teja yule amelala, mateja wale wameamka, wala hakuna asemaye teja lile limelala ila kwa kusudi la kutukana. Nafasi ya kumrudisha bado imo katika lugha. Swali ni kama imo pia katika jamii.

Ushahidi unaonyesha kwamba imo. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waathirika wa heroini. Huko Zanzibar, tangu mwaka 2009, zimeanzishwa nyumba za upataji nafuu zinazojulikana kama soba hausi, na baadaye zikaenea Tanzania Bara. Wanaozisimamia wengi wao ni watu waliowahi kutumia wenyewe. Mgeni hukaa na wenzake, husema jina lake mbele yao, husikiliza visa vya waliotangulia, na akiimarika hupewa kazi ya kumpokea mgeni mwingine. Mtu aliyesoma maelezo ya Janzen hawezi kukosa kuutambua mfumo huo. Hakuna pepo wala ngoma, lakini mteja wa zamani amerudi: mgonjwa anayefundishwa kuwa muuguzi.

6.0 Ushahidi kutoka mbali

Wanaozitafiti dawa za saikedelia katika nchi za Magharibi wamefika karibu na hitimisho hilo kwa kupitia mlango mwingine. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la psilosibini, kemikali inayopatikana katika baadhi ya uyoga. Washiriki hawakupewa kidonge wakaachwa. Walizungumza kwa saa kadhaa na wasimamizi wao kabla ya siku yenyewe, wakakaa nao mchana kutwa katika chumba kilichopambwa kama sebule huku muziki ukipigwa, na wakakutana nao tena baadaye kuyazungumza yaliyotokea. Wanataaluma hao wana usemi kwamba matokeo ya dawa hutegemea hali ya moyo wa mtumiaji na mazingira aliyomo. Mzee wa kilinge asingeliona hilo kuwa jipya. Angeshangaa tu kwamba mazingira yamehesabiwa kuwa nyongeza ya tiba badala ya kuwa tiba.

Tangu hapo mambo yamekwenda kasi. Mwezi Julai 2023 Australia iliwaruhusu madaktari wa akili wenye kibali kuziandika baadhi ya dawa hizo kwa wagonjwa maalumu. Mwezi Agosti 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuidhinisha mojawapo kwa kuona kuwa ushahidi haujatosha. Mjadala huo haujaisha, na sheria za Tanzania zinakataza matumizi ya dawa za namna hiyo. Kinachohusu mhadhara huu ni onyo moja la kihistoria.

Katika kijiji cha Huautla, Meksiko, mwanamke wa Kimazateki aitwaye María Sabina aliwatibu wagonjwa kwa uyoga katika vikao vya usiku, pamoja na nyimbo na jamaa wa mgonjwa. Mwaka 1955 alimruhusu Mmarekani Gordon Wasson kushiriki, na mwaka 1957 Wasson alieleza habari hizo katika jarida la Life. Wageni wakamiminika. Hawakuwa wagonjwa wa kijiji kile wala jamaa wa mgonjwa; walikuja kutafuta njozi. María Sabina alilaumiwa na wanakijiji wenzake, nyumba yake ikachomwa moto, na mwishoni mwa maisha yake alisema kuwa uyoga ulikuwa umepoteza nguvu. Alifariki mwaka 1985. Kemia ya uyoga haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mgonjwa aliyeletwa na jamaa zake alipisha nafasi kwa mnunuzi aliyekuja peke yake. Ni safari ileile ya neno mteja, ila imetokea kwa watu.

Afrika Mashariki nayo ina kumbukumbu yake. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kwa malipo ya shilingi 500. Bei hiyo ndogo na unyenyekevu wa mzee yule viliwagusa wengi. Lakini foleni ya magari iliyochukua siku nyingi si kilinge. Kila mmoja alikunywa na kuondoka, na hakukuwa na mtu wa kumfuatilia kujua kama amepona au ameacha dawa za hospitali kabla ya wakati. Umati ulikuwepo, jamii haikupata nafasi ya kuwepo.

7.0 Jamii inapodhuru

Hoja hii ingekuwa nyepesi kama ingeisifu jamii bila masharti. Ufipa wenyewe unatoa ushahidi wa upande wa pili. Katika miaka ya 1930 vuguvugu la Mchape lilienea kutoka Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Jina lake linahusishwa na kitenzi cha Kichewa chenye maana ya kufua. Vijiji vizima vilinyweshwa dawa ili kusafishwa uchawi. Mwaka 1963 na 1964 vuguvugu la jamii hiyo, Kamchape, lilipita Ufipa, na Willis aliliandikia makala mwaka 1968. Kijiji kilikusanyika, kila mtu akapewa dawa, vifaa vilivyodhaniwa kuwa vya uchawi vikatolewa, na kukatangazwa mwanzo mpya.

Twaweza kuuona uzuri wa tendo hilo: ni Sumbawanga katika vitendo, wote wakitupa kwa pamoja. Lakini lilikuwa na mwiba ndani yake, kwa kuwa usafi wa wengi ulihitaji wachache waonyeshwe kidole. Tena, utulivu uliopatikana kwa siku moja haukudumu. Vuguvugu za namna hiyo zilirudi tena na tena, jambo lililomfanya Willis mwaka 1970 aandike juu ya matumaini ya kupata enzi mpya papo kwa papo.

Kuonyeshwa kidole kuna gharama. Sheria ya Uchawi iliyotungwa wakati wa ukoloni mwaka 1928 haikukomesha tuhuma. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimetaja kwa miaka mingi mauaji ya watu waliotuhumiwa kuwa wachawi, wengi wao wakiwa wanawake wazee. Watu wenye ualbino nao wameshambuliwa kwa ajili ya viungo vyao, na Rukwa haikusalimika. Mwezi Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, baada ya kuona kwamba ramli za uchonganishi zinaandaa damu. Bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni hafaidiki lolote na sifa za jamii, ikiwa jamii hiyo ndiyo inayokuja mlangoni pake usiku.

Tofauti kati ya jamii inayouguza na jamii inayodhuru inaweza kuelezwa kwa kutazama mwelekeo wa maneno. Katika Ihamba kila mmoja huulizwa kinyongo chake mwenyewe, na mganga huanza na walio karibu zaidi na mgonjwa. Katika ramli ya uchonganishi kila mmoja huulizwa jina la mwingine. Kikao cha kwanza hutoa maneno ili watu wabaki. Cha pili hutoa mtu ili maneno yabaki. Hicho ndicho kipimo ambacho kikundi chochote cha uponyaji hakina budi kupimwa kwacho, kiwe cha kilinge, cha soba hausi, cha maombi au cha kliniki ya Marekani.

Kipimo hicho kinahusu pia taasisi zilizomo Ufipa leo. Ukatoliki una mizizi mirefu katika uwanda huo, na tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua katika miaka ya 1970 kuzipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, familia jirani hukutana nyumba kwa nyumba kusali na kuwatembelea wagonjwa. Jumuiya hizo hazina ngoma wala ngulu. Zina kitu ambacho mfumo wa ngoma ulikitegemea: watu wachache wanaojuana, wanaorudi tena wiki ijayo. Pale zinapomfikia bibi kizee anayenong'onwa, na kuketi mlangoni pake mchana kweupe, zinafanya uganga wa kale kwa jina jipya.

8.0 Hitimisho

Uchunguzi huu unaelekeza kazi tatu. Kwanza, maana ya kale ya mteja na maneno mengine ya kilinge yanapaswa kurekodiwa kikamilifu katika kamusi, pamoja na matumizi yake, kabla wazee wanaoyafahamu hawajaondoka. Pili, msamiati wa tiba wa Kifipa, Kilungu na Kimambwe unahitaji kukusanywa na wanafunzi wanaozungumza lugha hizo, kwa kuwa mambo mengi yanayosemwa kuhusu Ufipa yamepitia kalamu za wageni. Tatu, watakaotafsiri maandishi mapya kuhusu dawa za kubadili fahamu wasitosheke kuunda jina la dawa. Watafute pia jina la yule anayekaa karibu na mgonjwa, la anayemwandaa na la anayempokea anapozinduka. Kiswahili kinayo maneno hayo tayari.

Neno mojawapo ni -uguza. Kumlevya mtu ni rahisi, na kila zama hupata njia mpya ya kufanya hivyo. Kumuuguza ni kazi ndefu isiyoweza kufanywa na kitu. Yule kijana anayeitwa teja katika stendi ya mabasi, Sumbawanga au Dar es Salaam, hajatoka katika upatanisho wa viumbe wenye uhai. Anangoja watu wa kumrudishia kiambishi chake.